Maabara ya Meno: Mashine Pekee Hazitoshi

Maneno ya mafundi watatu wa meno mbele ya kamati za parokia na wafadhili, Mwanza



Sisi ni mafundi wa kutengeneza meno ya bandia. Baada ya kuajiriwa kwa miaka kadhaa, tuliomba mkopo wa parokia tukafungua maabara yetu. Karibu fedha zote tulinunulia vifaa. Padre alipobariki chumba, tulikuwa tumebakiwa na kodi ya mwezi mmoja tu.

Kazi yenyewe ni hivi. Daktari wa meno huchukua alama ya kinywa cha mgonjwa. Sisi tunamimina plasta, tunapanga meno juu ya nta, daktari anamjaribishia mgonjwa, kisha nta inatolewa na nafasi yake inajazwa akriliki. Kumtibu mgonjwa si kazi yetu.

Mwanzoni tulikosea. Alama kutoka Geita zilikuja kwa basi kabla ya kumiminiwa plasta. Zikikauka husinyaa, na meno hayakai kinywani. Tena kwa haraka tulichemsha akriliki kwa moto mkali, ikajaa vitundu, kumbe inataka nyuzi joto 74 kwa muda wa saa 8 hivi. Tulirudia kazi zile kwa gharama yetu.

Lakini kilichokaribia kutufunga ni madeni. Kliniki moja ilichukua kazi za miezi mitatu bila kulipa. Maagizo yalikuwa mengi, fedha ya plasta hakuna. Rejesho la mkopo likachelewa, na vijana waliokuwa wakingoja fedha hizo baada yetu wakazidi kungoja. Hilo lilituumiza sana. Mwenzetu mmoja aliuza pikipiki yake, ndipo tukalipa.

Sasa tunapokea nusu ya malipo kabla ya kuanza, na anayedaiwa hapewi kazi nyingine. Tulipoteza wateja wawili, lakini rejesho halijachelewa tena.

Ndugu wanakamati, akija fundi mwingine kuomba mkopo, msimuulize bei ya mashine tu. Muulizeni ni madaktari wangapi watamletea kazi, na atalipaje kodi kabla fedha hazijaanza kuingia. Gawanyeni mkopo: sehemu ya vifaa, sehemu ya kuendeshea kazi. Asisahau feni ya kutoa hewa, maana vumbi na mvuke wa akriliki hudhuru mapafu.

Nanyi wafadhili, vifaa mnavyoleta tunavipokea kwa moyo wote. Tunaomba mfikirie pia mtaji mdogo wa miezi mitatu ya kwanza.

Mzee asiye na meno hula uji huku wenzake wakila nyama. Tukifunga maabara, atabaki na uji wake.