Mkopo wa Mama Lishe na Siku ya Rejesho



Ni vigumu kupata biashara ya mtaani inayorudisha fedha haraka kama ya chakula. Mchele na maharage yaliyonunuliwa jana jioni yamekwisha kuwa noti na sarafu kabla ya saa tisa alasiri ya leo. Ndiyo maana wakopeshaji wanaipenda. Mama lishe hushika fedha kila siku, na anayeshika fedha kila siku anaweza kudaiwa kila wiki. Hata hivyo, mwanamke aliyekopa mwaka hadi mwaka na kurejesha bila kuchelewa mara nyingi bado anapikia sufuria zile zile, chini ya turubai lile lile. Mhadhara huu unauliza kwa nini, na jibu unalolitetea ni kwamba kalenda ya marejesho imepangwa kwa ajili ya usalama wa mkopeshaji, ikasahau jinsi biashara ya chakula inavyokua.

Kalenda hiyo ina historia yake. Mwaka 1976 Muhammad Yunus, mchumi wa Chuo Kikuu cha Chittagong, aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra, Bangladesh, jumla ya dola 27. Kutokana na jaribio hilo ilizaliwa Benki ya Grameen, iliyopata hadhi ya benki mwaka 1983 na kutunukiwa Nobel ya Amani pamoja naye mwaka 2006. Mtindo wake wa kikundi kinachodhaminiana, mkutano wa kila wiki na marejesho yanayoanza mapema uliingia Tanzania katika miaka ya 1990, na PRIDE Tanzania ilikuwa miongoni mwa taasisi zilizousambaza. Uliwafungulia mlango watu ambao benki zilikuwa zinawadai hati ya nyumba. Sifa hiyo mtindo huo unaistahili.

Lakini rejesho la kwanza likidaiwa siku chache tu baada ya mkopo kutoka, mkopaji mwenye akili hafungi fedha yake kwenye kitu kisichozaa wiki hiyo hiyo. Ananunua gunia la mchele badala ya kilo kumi, ndoo ya mafuta badala ya kupimiwa. Anapata nafuu ya bei ya jumla, na nafuu hiyo si ndogo. Friza, jiko kubwa la gesi, meza na viti vya wateja kumi zaidi, kodi ya fremu: hivyo hujilipa polepole. Friza ikinunuliwa leo, wateja huchukua muda kujua kwamba pale kwa mama kuna juisi baridi na samaki wa kutosha hata bahari ikichafuka. Rejesho halingoji.

Tena kuna daftari. Mafundi ujenzi wanaolipwa Jumamosi hula kwa deni kuanzia Jumatatu, na vijana wa bodaboda huomba waandikwe siku mvua inapowanyima abiria. Mama lishe anawakopesha wote hao bila riba, kwa sababu akiwakatalia watahamia kibanda cha pili. Siku ya kikundi ikiangukia Alhamisi, fedha ya rejesho bado iko kwa mafundi ambao na wao hawajalipwa. Shule zikifungwa, vitumbua vya asubuhi hulala. Ramadhani ikiingia, mapishi ya mchana husimama na biashara yote huhamia saa za futari. Fomu za mikopo zinauliza kuhusu dhamana na wadhamini, lakini ni nadra kuuliza wateja wa mama huyu hulipwa mshahara lini.

Jambo hili limepimwa. Huko Kolkata, India, Erica Field, Rohini Pande, John Papp na Natalia Rigol waliwalinganisha wakopaji walioanza kurejesha baada ya wiki mbili na wenzao waliopewa miezi miwili. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba waliopewa nafasi waliwekeza zaidi, na miaka karibu mitatu baadaye faida yao ilikuwa kubwa zaidi. Walioshindwa kulipa nao waliongezeka. Matokeo hayo mawili lazima yasomwe pamoja: ratiba kali humwondolea mkopeshaji hatari, na kwa kitendo hicho hicho humwondolea mkopaji nafasi ya kukua. Haishangazi basi kwamba tafiti sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko, zilikuta manufaa ya kiasi tu, bila mageuzi makubwa katika kipato cha kaya ya kawaida.

Ubaya wa kalenda unaonekana zaidi kwenye mikopo ambayo watu wameibatiza kausha damu. Chukua hesabu ya mfano: laki moja inayorejeshwa kwa shilingi 4,000 kila siku kwa siku 30. Jumla ni 120,000, na mkopeshaji ataita hiyo riba ya asilimia 20. Lakini mama huyu hakai na laki moja mwezi mzima. Anaanza kuirudisha kesho yake, hivyo kwa wastani anatumia kama nusu yake tu. Shilingi 20,000 anazolipa zinakaribia asilimia 40 ya fedha aliyoitumia kweli, kwa mwezi mmoja. Faida ya sahani za wali haibebi mzigo huo kwa muda mrefu. Mtaji hukatika, kisha hufuata wanaokuja kubeba televisheni na makochi.

Wanawake wenyewe wameshabuni njia nyingine. Katika mchezo, yaani upatu, kila mmoja hutoa kidogo kidogo na zamu yake ikifika hupokea fedha nzima kwa mkupuo. Sufuria kubwa nyingi za mtaani zimenunuliwa hivyo. VICOBA, ambavyo asili yake ni vikundi vilivyoanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, huweka hisa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na riba hurudi kwa wanachama wenyewe.

Serikali nayo ina chombo. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 kufuatia udhaifu katika usimamizi na urejeshaji, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mjadala mwingi umehusu vikundi hewa, na ni haki uwepo. Ratiba ya marejesho inastahili uzito huo huo, maana fedha isiyo na riba inaweza kustahimili subira ambayo fedha ya biashara haiwezi.

Halmashauri inaweza kutenganisha mkopo wa bidhaa na mkopo wa vifaa. Wa kwanza urejeshwe kila wiki kama ilivyozoeleka. Wa pili uanze kurejeshwa baada ya miezi miwili, fedha ilipwe moja kwa moja kwa muuza friza au fundi wa majiko, na kifaa chenyewe kiwe dhamana. Afisa maendeleo ya jamii, kabla ya kuandika tarehe, akae kibandani wiki moja na daftari la wadaiwa, aone fedha inaingia siku gani.