Neno la kamati juu ya ile moto kubwa ya Uvira



Mnajua, tangu turudi kutoka kambi ya Nyarugusu shida yetu kubwa ni njia. Mama akishikwa na uchungu kijijini wakati wa mvua, gari haifiki. Ndiyo sababu tulichanga pesa ya moto. Sasa kuna msafiri mgeni anauza Yamaha Ténéré 660 kule Uvira, na vijana wetu wameshaipenda. Tulienda kuiona.

Tuipe haki yake. Tangi inabeba lita 23, amortisa ni ndefu, nguvu iko. Tuligusa motere kabla haijawashwa, ikawa baridi. Muuzaji anayeipasha kwanza mara nyingi anaficha kitu. Haikutoa moshi wa bluu. Meno ya pinyo hayajapinda kama ndoana. Usukani ulizunguka bila kukwama katikati. Namba ya chasi inafanana na ya kwenye karatasi.

Lakini ile karatasi yenyewe! Moto iliingia kwa ruhusa ya muda ya msafiri. Mwenyewe asipomaliza mambo ya duane na DGDA kabla ya kuuza, deni litakuwa letu, na bariyeri ya kwanza itatushika nayo.

Tena, iko na zaidi ya kilo 200. AG 100 ni karibu nusu yake. Ikilala kwenye matope na mgonjwa yuko juu, dereva ataiinua na nani? Kiti kiko karibu sentimita 90 toka chini. Mama wa miezi tisa atapanda namna gani? Motere yake ni ya injeksyo, inataka esansi safi, na sisi tunanunua ile ya chupa kando ya njia. Tuliuliza mafundi wa Baraka: hakuna aliyekuwa na pyesi yake hata moja. Za AG na TVS, watoto wenyewe wanajua duka.

Sisi kamati tunasema tuiache. Pesa ileile inatosha ndogo mbili zilizotumika, na inabaki kidogo ya pine na vidanje. Wanaotaka kubwa waje siku ya posho waseme, kisha tupige kura. Mpaka hapo haitoki hata franga moja kwa mweka hazina. Wafadhili, matokeo tutawaandikia.