Likizo Hii, Tusome kwa Raha
Maneno kwa wazazi, kabla ya shule kufungwa

Sitawachosha. Najua wengine mmetoka kazi ya usiku na bado hamjalala.

Shule zinafungwa wiki ijayo, na hapa Marekani likizo kubwa ni ndefu: zaidi ya miezi miwili ya watoto nyumbani, simu mkononi. Siwaambii muwape kazi za shule. Naomba jambo jepesi zaidi: wasome vitu vinavyowafurahisha, na ninyi pia msome.

Tuanze na hofu. Nikiwatembelea nyumbani nasikia, "Maktaba itatuletea bili." Maktaba ya umma inaendeshwa kwa kodi, kwa hiyo kadi ni bure kwa mkazi wa mji. Zamani ukichelewesha kitabu ulitozwa faini ya kila siku, lakini maktaba nyingi zimeiacha: za Chicago mwaka 2019, za New York mwaka 2021. Kitabu kikipotea au kikiharibika ndipo unaweza kudaiwa bei yake. Basi tundika mfuko mmoja karibu na mlango, na vitabu vyote vya maktaba vikae humo. Na kabla ya kuazima, uliza: nakaa nacho siku ngapi, na nikichelewa inakuwaje?

Pili, mwache mtoto achague. Akitaka katuni, sawa. Akitaka habari za mpira au za nyoka, sawa. Akikichoka katikati, akirudishe achukue kingine. Akimaliza usimpe mtihani. Muulize tu, "Kimekuchekesha wapi?"

Tatu, na hili ndilo lililonileta. Mwaka mzima mtoto ndiye anayewasomea barua, ndiye anayewasemea kwa daktari. Kidogo kidogo anaanza kuona kwamba wazazi wake hawajui kitu, na Kiswahili chake kinabaki cha kuitikia tu. Kwenye kitabu cha Kiswahili mambo yanageuka: wewe ndiye unayejua, yeye ndiye anayeuliza. African Storybook ina hadithi za watoto kwa Kiswahili, bure, unazifungua kwenye simu hiyohiyo mnayogombania. Usiku mmoja msomee wewe, usiku wa pili akusomee yeye, hata akikwama.

Mama ambaye hukupata shule, usijitoe. Kuna vitabu vya picha tupu, havina neno hata moja. Fungua ukurasa, simulia unachokiona kwa Kiswahili chako, kiwe cha Bukavu, cha Lubumbashi au cha Kigoma. Mtoto hatajua kama umesoma au umebuni, na hana haja ya kujua.

Mwisho, wewe mtu mzima. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar, akaingia Uingereza kijana mkimbizi, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake moja, Paradise, sasa inasomeka kwa lugha yetu kwa jina la Peponi; aliyeitafsiri ni Ida Hadjivayanis. Kama maktaba yetu haina, mwombe mkutubi aitafute kwenye maktaba nyingine. Nyingi hufanya hivyo. Soma kurasa tano kabla ya kulala. Huu si mtihani wa uraia. Hakuna fomu ya kujaza wala mtu wa kukusahihisha. Tangu tufike, karibu kila karatasi tunayoshika inatudai kitu. Shika moja isiyokudai.

Jumamosi ya kwanza ya likizo, saa nne asubuhi, nitakuwa mlangoni mwa maktaba. Njoo na kitambulisho chenye picha, na mkataba wa nyumba au bili ya umeme yenye jina lako na anwani yako. Njoo na watoto. Fomu ya kadi tutaijaza pamoja, ili siku hiyo mtoto asiwe mkalimani, awe mtoto tu anayetafuta kitabu.