Ungo Kabla ya Daftari: Shughuli za Nyumbani kwa Mtoto wa Awali

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 ilipoifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na ada ilipoondolewa katika shule za serikali kuanzia mwaka 2016, madarasa ya awali yamejaa. Kiwango kinachotakiwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja; kila mwalimu aliyemo humu anajua idadi ya darasa lake, na wachache wanaikaribia hiyo. Katika hali hii mzazi anapouliza afanye nini nyumbani, jibu la haraka analopewa ni daftari, penseli na chati ya a-e-i-o-u ya kubandika ukutani. Mada yangu inapingana na jibu hilo. Ninachosema ni kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi mitano hujifunza kupitia kazi za nyumbani zenyewe, ilimradi mtu mzima aliye naye azungumze naye, amuulize, kisha asubiri jibu. Vifaa vimo tayari katika nyumba zetu nyingi. Kinachopungua ni mazungumzo juu ya vifaa hivyo.

Ushahidi mzito kuliko mwingine ninaoufahamu unatoka Jamaika. Katika miaka ya 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliandikisha watoto 129 waliodumaa katika mitaa maskini ya Kingston, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Waliowatembelea walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, watu wasiosomea ualimu, na kazi yao ilikuwa kumwonesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa kutokana na mabaki ya nyumbani. Watafiti walipowafuatilia miaka 20 baadaye, na kuchapisha matokeo mwaka 2014, watoto waliopata malezi hayo walikuwa na kipato kilichozidi kwa asilimia 25 cha wenzao ambao hawakuyapata. Lishe ya nyongeza iliyotolewa peke yake haikuacha tofauti ya kudumu ya namna hiyo. Nisieleweke vibaya: mtoto mwenye njaa hachezi, na chakula kinabaki kuwa cha kwanza. Ni kweli pia kwamba watoto wa Kingston walikuwa wadogo kuliko wa darasa la awali, na 129 si wengi. Ninachochukua kwao ni kimoja. Saa ile moja ya mgeni ilikuwa na nguvu kwa kuwa ilibadili kilichofanyika katika saa nyingine zote za wiki, ambazo mgeni hakuwapo.

Tuutazame ungo, basi. Jioni mama anachambua maharage, na mtoto aliyekaa kando yake hufukuzwa asije akayamwaga. Mpe kisahani chake na gao moja la maharage: mekundu huku, yenye madoa kule, mawe na maganda pembeni. Hapo mtoto anaainisha vitu kwa sifa zake, somo ambalo darasani litafundishwa kwa picha. Kisha aulizwe: yapi mengi? Umejuaje? Swali la pili ndilo lenye thamani. Mtoto anayejibu kwamba haya ni mengi kwa sababu yametawanyika sana ametumia nafasi kama kipimo, na amekosea kwa namna inayofaa kuzungumzwa. Anayeyapanga safu mbili, moja mbele ya jingine, amegundua kulinganisha kabla hajaweza kuhesabu vizuri. Hakuna daftari linaloweza kumwonesha mzazi jambo hilo, kwa kuwa daftari hupokea jibu tu, njia ya kulifikia haionekani.

Lugha yetu nayo inamsaidia mtoto kwa namna ambayo hatuisemi vya kutosha. Mtoto husikia vijiko viwili, mayai mawili, kuku wawili, nyanya mbili. Mwanzo wa neno unabadilika, idadi inabaki ileile. Anayehesabu picha za aina moja kwenye chati hana sababu ya kuligundua hilo. Anayehesabu sahani wakati wa kutenga chakula, kisha watu wa kula, kisha vijiko, anakutana na wazo zima la namba, kwamba mbili ni mbili hata vitu vikibadilika. Tukivuka kumi, Kiswahili kinatoa zawadi nyingine. Kumi na moja, kumi na mbili: jina lenyewe linaeleza namba ilivyojengwa. Mwaka 1995 Kevin Miller na wenzake walilinganisha watoto wadogo wa China, ambao lugha yao pia huzitaja namba hizo kwa uwazi, na watoto wa Marekani. Hadi kumi walikwenda sambamba. Baada ya kumi wale wanaohesabu kwa Kiingereza wakaanza kukwama, kwa kuwa majina ya Kiingereza yanayofuata kumi huficha ile kumi iliyomo ndani. Mzazi anayemlazimisha mwanawe wa miaka minne kuhesabu kwa Kiingereza kabla hajaimudu kumi na tisa ya nyumbani anamwondolea ngazi ambayo wanaohesabu kwa Kiingereza wangetamani kuwa nayo. Ngazi hiyo hukatika kwenye ishirini, thelathini na arobaini, majina yaliyotoka katika Kiarabu, na hapo kukariri hakukwepeki.

Kuna mchezo mmoja nauweka hapa kwa sababu umepimwa. Mwaka 2008 Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha utafiti wa watoto 124 wa familia za kipato cha chini nchini Marekani. Baadhi walicheza kwenye ubao wenye miraba kumi iliyopangwa mfululizo, ikiwa na namba 1 hadi 10. Wengine walicheza kwenye ubao wa namna hiyohiyo wenye rangi tu. Vipindi vilikuwa vinne, kila kimoja dakika 15 hadi 20, ndani ya wiki mbili. Waliocheza na namba walipiga hatua katika kuhesabu, kutambua namba na kulinganisha ukubwa wake, na maendeleo hayo yalikuwa yangalipo wiki 9 baadaye. Ubao huo tunaweza kuuchora kwa mkaa sakafuni au kwa kijiti mchangani. Kizibo cha soda kikianguka chali ni hatua moja, kikianguka kifudifudi ni mbili. Sharti moja tu lisilegezwe: mtoto aliye kwenye tano akipata mbili aseme "sita, saba", asirudie "moja, mbili". Katika kuitaja namba ya mraba anaoukanyaga ndimo somo lilimo. Mdako nao una hesabu ndani yake, kuchota jiwe mojamoja, kisha mawilimawili, kisha matatumatatu. Vidole vya mtoto wa miaka minne havijauweza, lakini anaweza kukaa kando na kutaja idadi kabla dada yake hajachota.

Kusoma nako huanza sikioni. Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant walionesha, kwa watoto wa Uingereza, kwamba waliozoezwa kupanga maneno kwa sauti zake kabla ya kusoma walisoma vizuri zaidi baadaye. Kiswahili, chenye silabi nyingi zinazoishia na irabu na maandishi yanayofuata matamshi, kinafaa mno kwa zoezi hili. Mtoto anaogeshwa, na kila kitu kilichopo kinapigiwa makofi: ma-ji, sa-bu-ni, ki-ko-po. Mchele una makofi matatu, m-che-le, kwa kuwa ile m inasimama yenyewe kama silabi, na watu wazima wengi hukosea hapo. Kisha atafute neno linaloanza kama maji: mama, mafuta, mahindi. Jioni kuna vitendawili, ambavyo tumevifanya kuwa vya kwenye vitabu vya shule wakati mahali pake ni jikoni. Mtoto anayetegewa ile nyumba isiyo na mlango hadi akalifikia yai ameshika sifa kadhaa kichwani kwa pamoja na kuzitafutia mwenyewe. Ndivyo tutakavyomtaka afanye atakaposoma habari ya ufahamu. Na maandishi hayakosekani hata katika nyumba isiyo na kitabu: kanga ina jina lake, mfuko wa unga una maandishi, kiberiti kina maandishi. Kumwonesha mtoto kwamba alama zile zinasema neno, na kwamba neno hilo linaanza kama jina lake, kunatosha kwa umri huo.

Najua pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: muda. Mama lishe anayetoka alfajiri na kurudi usiku hana saa ya kuanzisha shule nyumbani. Sisemi kwamba hili halimgharimu kitu. Ungo uliochukua dakika kumi utachukua ishirini mtoto akiwemo. Ndiyo maana naomba kazi moja tu kwa siku, ile ambayo ingefanywa hata hivyo, na ifanywe na yeyote aliyepo, baba, bibi au kaka wa darasa la sita. Mchezo wa Ramani na Siegler haukuzidi saa moja na dakika ishirini kwa jumla. Wanaosema kwamba mzazi asiyejua kusoma hawezi kazi hii wajibiwe na Jamaika, na pia na shughuli zenyewe, kwa kuwa, ukiacha ile ya maandishi ya kanga na kiberiti, hakuna hata moja kati ya nilizozitaja inayomdai mtu mzima kujua kusoma. Wala nyumba inayozungumza Kisukuma au Kihehe isihame lugha. Kuainisha, kulinganisha na kusikia sauti huvuka pamoja na mtoto anapoingia Kiswahili cha darasani.

Pingamizi gumu zaidi ni lile la mtoto wa jirani ambaye ana miaka minne na tayari anaandika jina lake. Mzazi anaona wake amechelewa. Kuandika jina si kosa, na mtoto anayetaka kuandika apewe mkaa na sakafu. Kosa ni kupima maarifa kwa mistari iliyojaa. Mtoto anaweza kunakili 5 ukurasa mzima asijue kama inazidi 3. Huyo anaonekana yuko mbele hadi darasa la pili, hesabu inapoanza kumdai maana. Tathmini za Uwezo, zilizoanza Afrika Mashariki mwaka 2009 kwa kuwapima watoto majumbani mwao, zilitufunulia watoto wengi waliovuka darasa la pili wasiweze kusoma hadithi ya darasa hilo. Daftari lililojaa pekee lisingetuonesha hilo.

Wapo pia wanaohofia kwamba tunahalalisha utumikishaji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi za ajira, na hofu hiyo naiheshimu. Mpaka wangu ni huu: mtoto akichoka, anaacha, na kazi haimsubiri yeye. Kubeba ndoo kutoka kisimani hakumo. Moto, kisu na beseni la maji lisilo na mtu mzima karibu havimo, na maharage hapewi mtoto anayetia vitu mdomoni au puani. Kuhusu simu, ambayo huenda mtu akaiweka mahali pa mazungumzo haya, nitasema kidogo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na pungufu ya hapo ni bora. Simu humwimbia mtoto namba, haisubiri ajibu.

Walimu wenzangu, ombi langu ni kwenu. Katika kikao cha wazazi cha muhula ujao, kabla ya kusoma orodha ya mahitaji, wekeni mkeka, ungo na nusu kilo ya maharage mbele ya wazazi, mwiteni mtoto mmoja, na muwaoneshe kwa dakika kumi namna ya kuuliza "umejuaje?" kisha kunyamaza hadi mtoto ajibu.