Kinacholiliwa si Moshi: Waingereza na Reli Zao za Zamani



Tarehe 27 Septemba 1825, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kichwa cha treni kinachoendeshwa kwa mvuke kilivuta mabehewa ya makaa ya mawe na mamia ya watu katika reli mpya ya Stockton na Darlington. Mwaka 2025 Waingereza waliadhimisha miaka 200 ya safari hiyo kwa maonyesho na safari maalumu za mwaka mzima. Mwingereza mwenye umri wa miaka thelathini hakuwahi kuiona treni ya mvuke ikitoa huduma ya kawaida katika shirika la reli la taifa lake. Hata hivyo yuko tayari kusimama kwenye mvua, mtoto begani, akisubiri kichwa cha mwaka 1923 kipite.

Usiku wa leo nauliza watu hawa wanalilia nini hasa. Jibu langu ni kwamba hawalilii moshi. Wanalilia ahadi: kwamba mji mdogo nao una haki ya kufikiwa, na kwamba stesheni yake ni ya kila anayeingia. Mapenzi yao kwa reli za zamani yameokoa mengi pale yaliposhika koleo na nyundo, na yamepotosha pale yalipokataa kusikia habari za walioumia.

Reli iliyofika kila mahali

Reli za Uingereza hazikujengwa na serikali. Zilijengwa na mamia ya kampuni zilizoshindana, mara nyingine kwa njia mbili kuelekea mji uleule. Mwaka 1923 sheria iliziunganisha nyingi kati yake katika kampuni kubwa nne: LMS, LNER, Great Western na Southern. Hizo nne ndizo zilizochora picha iliyobaki vichwani mwa watu: vichwa vya kijani vya Great Western, na vichwa vya LNER vilivyosanifiwa na Nigel Gresley. Kimojawapo, Mallard, tarehe 3 Julai 1938 kilifikia kilomita 203 kwa saa, rekodi ya mvuke ambayo haijavunjwa hadi leo.

Tarehe 1 Januari 1948 reli zilitaifishwa, na British Railways ikarithi takriban vichwa 20,000 vya mvuke. Ikarithi pia maelfu ya stesheni, na hapo ndipo moyo wa habari yetu. Stesheni ya kijiji ilipokea barua, magazeti ya asubuhi na vifaranga ndani ya masanduku. Ilipeleka maziwa, samaki na mboga mjini. Palikuwa na mkuu wa stesheni aliyewajua abiria wake kwa majina, chumba cha kusubiria chenye moto wakati wa baridi, na bustani ndogo ya maua iliyoingizwa katika mashindano ya stesheni nadhifu. Maskini na tajiri walitofautiana daraja la behewa, lakini walisubiri chini ya saa moja ya ukutani.

Watoto nao walikuwa na sehemu yao. Mwaka 1942 Ian Allan, kijana aliyekuwa karani wa reli, alichapisha kijitabu cha namba za vichwa vya Southern. Baada ya vita, wavulana waliojaa mwishoni mwa majukwaa wakiwa na penseli na daftari walikuwa sehemu ya kawaida ya stesheni kubwa. Mwaka 1945 kasisi Wilbert Awdry alitoa kitabu cha kwanza cha hadithi za vichwa vya treni vinavyosema na kugombana, na baadaye kimojawapo cha vichwa hivyo vya hadithi, Thomas, kikajulikana duniani kote. Hivyo mapenzi ya reli yalipandwa kwa watu wakiwa wadogo sana, na kinachopandwa umri huo haking'oki kwa tangazo la serikali.

Kipya kinyemi

Mwaka 1955 mamlaka ya reli ilitangaza mpango wa zaidi ya pauni milioni 1,200 wa kuondoa mvuke na kuleta dizeli na umeme. Sababu zake zilikuwa za kweli. Kichwa cha mvuke kilihitaji saa nyingi kuwashwa, watu wengi kukisafisha, na makaa mengi. Lakini wahenga wanasema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Dizeli nyingi ziliagizwa kabla ya kujaribiwa vya kutosha, na baadhi ziliharibika mapema. Wakati huohuo vichwa vipya vya mvuke viliendelea kutoka karakana. Cha mwisho, Evening Star, kilikamilika Swindon mwaka 1960. Mwaka 1965 kiliondolewa kazini kikiwa na umri wa miaka mitano. Mashine iliyotengenezwa kudumu vizazi ilistaafishwa kabla mtoto aliyezaliwa siku yake hajajua kusoma vizuri.

Kisha ikaja ripoti ya Richard Beeching ya Machi 1963. Beeching alikuwa mwanafizikia aliyetoka kampuni ya kemikali ya ICI. Waziri wa uchukuzi aliyempa kazi hiyo, Ernest Marples, alikuwa mmoja wa waasisi wa kampuni ya uhandisi iliyojenga barabara. Ripoti ilipendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363 na takriban kilomita 8,000 za njia. Hoja yake ilikuwa hesabu: theluthi moja ya mtandao ilibeba asilimia moja tu ya usafiri wa abiria.

Sisemi hesabu hiyo ilikuwa ya uongo. Nasema ilikuwa pungufu. Haikuweka thamani kwenye safari ya mama anayempeleka mtoto hospitali ya mji wa pili, wala kwa abiria wa tawi dogo ambaye mwisho wa tawi hupanda treni kubwa na kulipa nauli ndefu. Bandu bandu huisha gogo. Lilipokatwa tawi, na shina nalo likapungukiwa. Bunge lenyewe lilikiri jambo hilo mwaka 1968, pale sheria ya Waziri Barbara Castle iliporuhusu ruzuku kwa njia zisizoleta faida lakini zinazohitajika na jamii. Kwa wilaya nyingi sheria hiyo ilifika reli zikiwa zimekwisha kung'olewa.

Mfano mchungu kuliko yote ni njia ya Waverley, kilomita 158 kutoka Edinburgh hadi Carlisle kupitia miji ya mpakani mwa Uskoti. Usiku wa kuifunga, Januari 1969, wanakijiji wa Newcastleton wakiongozwa na kasisi wao walifunga mageti ya makutano ya barabara na reli na kusimama njiani mbele ya treni ya mwisho. Kasisi akakamatwa na polisi. Aliachiwa baada ya mbunge David Steel, aliyekuwa abiria ndani ya treni hiyo, kuzungumza na watu wake ili wapishe. Watu hawa hawakuwa wakusanyaji wa namba za vichwa vya treni. Walikuwa wakulima na wafanyabiashara walioelewa kwamba baada ya usiku ule kijiji chao kingekuwa mbali zaidi na dunia.

Miezi mitano kabla, tarehe 11 Agosti 1968, British Railways ilikuwa imeendesha treni yake ya mwisho ya mvuke katika njia kuu, kutoka Liverpool hadi Carlisle na kurudi. Tiketi iligharimu gini kumi na tano, fedha nyingi kwa wakati huo, na bado ilijaa. Watu walijipanga kwenye madaraja na mashamba kuiaga.

Mapenzi yaliyoshika koleo

Hapa ndipo Waingereza walipofanya jambo linalostahili heshima yetu. Hawakuishia kulia.

Walianza hata kabla ya Beeching. Huko Wales, reli nyembamba ya Talyllyn ilikuwa ikibeba mawe ya kuezekea tangu mwaka 1865. Mmiliki wake, Sir Haydn Jones, alipofariki mwaka 1950, kila mtu alidhani imekwisha. Mwandishi Tom Rolt aliitisha mkutano mjini Birmingham, na tarehe 14 Mei 1951 treni ya kwanza chini ya watu wa kujitolea iliondoka stesheni ya Tywyn. Makarani, walimu na wahandisi walitumia likizo zao kung'oa magugu na kukaza misumari ya reli. Mchungaji Awdry alikuwa mmoja wao. Ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa kwa namna hiyo. Leo Uingereza ina zaidi ya mia moja.

Vichwa vya treni navyo vilipata mwokozi asiyetarajiwa. Katika bandari ya Barry, kusini mwa Wales, Dai Woodham alinunua mamia ya vichwa vya mvuke kama chuma chakavu. Kwa kuwa mabehewa ya mizigo yalikuwa rahisi zaidi kukatwa, aliwapa vijana wake hayo kwanza, na vichwa vikabaki vimepangwa vikishika kutu kwenye upepo wa bahari. Wapenzi wa reli wakaanza kuchanga na kununua kimoja kimoja. Mwishowe vichwa 213 vilitoka katika uwanja ule, na vingi vimerudishiwa uhai wake.

Na pale ambapo hapakubaki hata kimoja, walitengeneza upya. Vichwa 49 vya aina ya A1, vilivyosanifiwa na Arthur Peppercorn, vilikatwakatwa vyote. Mwaka 1990 kikundi cha wananchi kilianza kuchangisha, na mwaka 2008 Tornado, kichwa kipya kabisa cha mvuke, kilitembea kwa nguvu zake Darlington.

Majengo yana somo lake. Lango kuu la mawe la stesheni ya Euston lilibomolewa kati ya mwaka 1961 na 1962, huku waandamanaji na wasanifu majengo wakimsihi Waziri Mkuu Macmillan bila mafanikio. Aibu hiyo ndiyo iliyowapa silaha watetezi wa stesheni ya St Pancras, miongoni mwao mshairi John Betjeman. Mwaka 1967 St Pancras ilipewa ulinzi wa daraja la juu kabisa, na tangu 2007 treni za kwenda Paris huondokea hapo. Jengo lililoitwa mzigo limekuwa mlango wa nchi kuelekea Ulaya.

Yaliyofichwa na moshi

Lakini mhadhara unaosifu tu haujatimiza wajibu wake. Reli zile za zamani ziliua. Tarehe 8 Oktoba 1952, treni tatu ziligongana Harrow na Wealdstone, nje kidogo ya London, na watu 112 wakapoteza maisha. Kazi ya mvuke ilikuwa ya jasho na vumbi: mtupa makaa alihamisha tani kadhaa kwa koleo katika zamu moja, na asbesto iliyofungwa kwenye maboila ya Swindon iliwaua mafundi miaka mingi baada ya kustaafu.

Wala stesheni ile niliyosema ni ya kila anayeingia haikuwa ya kila mtu. Baada ya vita, reli na mabasi ya Uingereza yaliendeshwa kwa nguvu za wafanyakazi waliotoka visiwa vya Karibi. Mmoja wao, Asquith Xavier kutoka Dominica, alikuwa gadi wa treni katika stesheni ya Marylebone. Mwaka 1966 aliomba nafasi Euston, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Jambo lilifika bungeni, marufuku ikaondolewa, na Agosti mwaka huohuo akaanza kazi Euston chini ya ulinzi wa polisi kutokana na vitisho. Picha ya reli za zamani isiyomwonyesha Asquith Xavier ni picha ya uongo, hata kama kila boliti ya kichwa imechorwa sawasawa.

Deni letu

Miaka ya tisini reli za Uingereza zilibinafsishwa. Abiria waliongezeka kuliko ilivyotarajiwa, lakini manung'uniko ya nauli na ratiba hayakukoma, na mwaka 2024 bunge lilipitisha sheria ya kuzirudisha huduma za abiria mikononi mwa umma. Mwaka 2015 sehemu ya njia ya Waverley ilifunguliwa upya, kutoka Edinburgh hadi Tweedbank, na mwaka wa kwanza ilibeba abiria zaidi ya milioni moja. Waliosimama njiani usiku ule wa 1969 walikuwa na hoja. Treni iliyorudi ni ya dizeli, na hakuna aliyedai mvuke. Waliodai walidai kufikiwa, na baadhi yao wamefikiwa. Watu wa Hawick na Newcastleton, mbele zaidi kwenye njia hiyo, bado wanasubiri.

Habari hii inatugusa. Karakana ya Beyer, Peacock huko Gorton, Manchester, ilitengeneza vichwa 34 vya daraja la 59 kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki katika miaka ya hamsini, navyo vikapewa majina ya milima yetu. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 1966. Vichwa Mount Gelai na Mount Shengena, vyenye majina ya milima ya Tanzania, bado vimo katika makumbusho ya reli Nairobi. Madereva, mafundi na magadi walioendesha mashine kama hizo wanazeeka, na sasa tunajenga reli mpya za kisasa kwa kasi.

Basi naomba mambo matatu. Idara zetu za historia ziwarekodi wazee wa reli sasa, Voi, Tabora, Kigoma, Kisumu na Tororo, pamoja na machungu yao ya ajira za kikoloni. Mashirika ya reli yasibomoe stesheni ndogo kabla wananchi wanaozizunguka hawajaulizwa. Na kila atakayepanga ratiba ya reli mpya ahesabu, pamoja na mapato, watu wa vituo vidogo ambavyo treni itavipita bila kusimama. Waingereza walichelewa kufanya hesabu hiyo, na wanailipa mpaka leo. Sisi bado tunao muda wa kuifanya mapema.