Kila Mtu Huhesabiwa Mmoja



Mtu aliyejifunza Kiingereza shuleni, akakisoma magazetini na kukiandika katika barua za kazi, aghalabu hajikwai katika maneno magumu. Hujikwaa katika neno jepesi kama "everyone". Huandika "everyone are ready", na hoja yake anayo: watu wote ni wengi, basi kitenzi nacho na kiwe cha wengi. Hoja hiyo si ya kijinga, lakini imejengwa juu ya tafsiri mbaya.

"Everyone" si "watu wote". Ni "kila mtu". Mswahili hasemi "kila mtu wanajua", hata kama watu wanaonenwa wameujaza uwanja. Husema "kila mtu anajua". Basi kanuni inayomsumbua mwanafunzi katika kitabu cha Kiingereza alikuwa nayo kabla hajaingia darasani. "Everybody", "someone", "anyone", "nobody" na "each", yote hufuata njia hiyo: kila mtu, mtu fulani, mtu yeyote, hapana mtu, kila mmoja. Yote hutaka kitenzi cha umoja. "Both", "few", "many" na "several" ni ya wingi, wala hayana matata.

Mtego mkubwa ni pale neno la wingi linapoingia katikati. "Each of the boys have a book" hulidanganya sikio, kwa sababu "boys" limesimama karibu na kitenzi na kukivuta. Waingereza wenyewe huteleza hapo wanapozungumza. Lakini mwenye kitabu ni "each", yaani kila mmoja, kwa hiyo yapasa kuandika "has".

Wala jambo hili si la mitihani peke yake. Tuseme tangazo limeandikwa kwamba kila mmoja wa wenye mashamba 20 atalipa shilingi 10. Jumla ni shilingi 200. Mfasiri akiligeuza neno "each" kuwa "wote", akaandika "wenye mashamba wote watalipa shilingi 10", mmoja atasoma kwamba anadaiwa shilingi 10, na jirani yake atasoma kwamba shilingi 10 ni deni la wote pamoja, yaani senti 50 kwa mtu. Hapo ugomvi umekwisha anza, na karani ndiye atakayeulizwa.

Lakini yako maneno ambayo Kiswahili si kiongozi mwema kwayo. "Some", "all", "most" na "any" hayana hesabu yake yenyewe. Hufuata kitu kinachosemwa. Ng'ombe huhesabika, kwa hiyo "some of the cows are sick". Maziwa hayahesabiki, hupimwa, kwa hiyo "some of the milk is spoilt". Hapa Mswahili hupotezwa na ngeli yake, maana kwake maziwa, maji na mafuta yote huvaa vazi la wingi: maziwa yamemwagika, maji yamejaa. Kiingereza hakilijui vazi hilo.

Kuhusu "none", walimu wengi wamekaza kwamba ni umoja tu, kwa kuwa asili yake ya kale ni "si hata mmoja". Asili hiyo ni kweli, lakini hukumu ni kali kupita kiasi. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1926, alikataa kwamba neno hilo ni la umoja tu. "None of them are here" si kosa.

Limebaki "their". Kiswahili husema "kila mtu ameleta kitabu chake", na "chake" haimtengi mume wala mke. Kiingereza hakina neno kama hilo. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1850 iliagiza kwamba maneno ya kiume katika sheria zake yawaingize wanawake pia, isipokuwa pale ilipotajwa vingine. Watu, hata hivyo, walikuwa wakitumia "they" kwa mtu mmoja asiyetajwa tangu karne ya 14, na hawajaacha. Ndiyo sababu ya "everyone has brought their book": kitenzi ni cha umoja, na neno la kumiliki lina sura ya wingi. Karani anayemwandikia mkubwa asiyelipenda jambo hilo aweza kuandika "all the pupils have brought their books", na barua ikapita bila kutiwa wino mwekundu.