MICHE NAYO INAHITAJI USIKU
(Mazungumzo kwenye mafunzo ya vikundi vya bustani)



Mmetuuliza: tukiacha taa zikiwaka usiku kucha kwenye kitalu cha ndani, je, miche itakua haraka zaidi? Jibu letu ni hapana, hasa kwa nyanya.

Mmea hujitengenezea chakula kwenye mwanga. Kwa hiyo miche ya ndani huhitaji taa kwa saa 14 hadi 16 kila siku. Washeni saa 12 asubuhi, zimeni kati ya saa 2 na saa 4 usiku, kisha iacheni gizani. Nyanya ikimulikwa saa 24 mfululizo, majani yake hugeuka manjano na mche hudumaa. Saladi huvumilia zaidi.

Mkiona miche imerefuka, imekonda na kulala upande, msikimbilie kuongeza saa. Mara nyingi taa ni hafifu au iko mbali. Taa za tyubu zishusheni zibaki sentimita 5 hadi 10 juu ya majani, mkizipandisha kadiri miche inavyokua.

Huku kwetu karibu na Ikweta tunapata mwanga wa mchana kwa saa 12 hivi, mwaka mzima. Mwenye kitalu cha nje hana haja ya taa. Fedha hiyo inunue mbegu bora. Mwenye kitalu cha ndani aizoeze miche jua polepole, siku 7 hadi 10, kabla ya kuihamishia shambani. Ikitolewa ghafla itaungua, na kazi yote itapotea.